Shaba inavuka mupaka na karatasi, moshi unavuka bila kuulizwa

 

Kila mwaka, ikifika mwezi wa saba na wa nane, jua la Kolwezi linabadilika rangi. Asubuhi linapanda jekundu kama kipande cha makala chenye kuwaka. Mama anaanika nguo nyeupe saa mbili, saa sita anazitoa na vidoa vyeusi vya majani yenye kuungua. Watoto wanakohoa usiku. Wazee wenye ugonjwa wa kifua wanashinda ndani na mulango umefungwa. Ukiuliza, kila mutu anakujibu vilevile: ni kiangazi, ni moshi wa pori, mvua ikianza utapita.

Mimi sikubali jibu hilo. Baridi ya mwezi wa sita ni ya Mungu, lakini moshi uko na watu wenye kuuwasha. Na sehemu kubwa ya wale watu hawako Kolwezi, hawako hata Kongo. Wazee walisema penye moshi hapakosi moto. Kweli. Lakini hapa kwetu moto unaweza kuwa upande wa Solwezi, inchi ya Zambia, na moshi ukawa ndani ya chumba cha mutoto kule Manika. Na moto wetu sisi, wenye unawaka kati ya Mutshatsha na Dilolo, moshi wake unaenda kukohoza watu wa Luau, inchi ya Angola.

Kwa hiyo swali langu ni moja: inchi hizi tatu, zenye zimejua kusikilizana juu ya shaba, juu ya treni na juu ya umeme, sababu gani hazisikilizane juu ya hewa?

Vitu vyenye vinavuka na karatasi

Tuhesabu kwanza vitu vyenye vinavuka mupaka wetu kila siku kwa masikilizano.

Shaba na kobalti zinavuka Kasumbalesa ndani ya malori. Kila mufuko unapimwa, kila lori liko na karatasi yake, na kila karatasi iko na muhuri. Asidi yenye viwanda vya Lualaba vinatumia kwa kutoa shaba ndani ya mawe, sehemu yake inatoka kwenye viwanda vya Zambia, inavuka ndani ya matangi, nayo inapimwa na kulipiwa.

Umeme pia unavuka, na hilo haliko jambo la jana. Mwaka 1956, wakati bwawa la Nseke lilianza kazi karibu na Kolwezi, umeme wake ulitumwa hadi kwenye migodi ya Rodezia ya Kaskazini, yenye leo tunaiita Zambia. Leo mambo yamegeuka: migodi yetu inanunua umeme kutoka Zambia. Kwa miaka karibu 70 nyaya zimefunga inchi hizi mbili, hata wakati wakubwa wa siasa hawakusikilizana.

Tuongeze mambo ya karibuni. Mwezi wa nne 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi kule Lusaka juu ya kufanya kazi pamoja kwa betri za magari ya umeme. Mwezi wa kwanza 2023, Angola, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano juu ya njia ya Lobito, ile reli yenye inatoka kwetu Kolwezi, inapita Dilolo, inavuka hadi Luau, na kufika kwenye bahari. Inchi tatu, meza moja, kalamu moja.

Na moshi? Karatasi iko, tusiseme uongo. Mwaka 2008, kule Lusaka pia, inchi za SADC zilikubaliana juu ya mupango wa pamoja wa kupigana na uchafu wa hewa wenye kuvuka mipaka. Kongo ni memba wa SADC tangu 1997. Lakini ule mupango hauko mukataba wenye kufunga serikali, hauko na azabu, na hauko na kifaa kimoja chenye mukaaji wa Kolwezi anaweza kuangalia na kujua leo anapumua nini. Lori la shaba likikosa karatasi moja linasimamishwa Kasumbalesa siku tatu. Moshi unapita kila siku, na hakuna mutu wa kuuliza unatoka wapi.

Namna moshi unatembea

Pengine mutu atasema: unajuaje kama moshi unatoka Zambia? Haiko siri. Wakati wa kiangazi, upepo wa kwetu unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Weka Solwezi na Kolwezi kwenye karta: Solwezi iko kusini-mashariki yetu. Upepo unapita juu ya pori la Zambia na la Haut-Katanga mbele ya kufika kwetu, kisha unaendelea Angola hadi juu ya bahari ya Atlantiki. Mafundi wa Marekani wa NASA walileta ndege kati ya 2016 na 2018 kwa kufuata moshi huo juu ya bahari. Na mwezi wa tisa 2000, mafundi wenye walikuwa wanachunguza hewa ya kusini ya Afrika waliona moshi wa inchi zetu umegeuka, ukashuka kama muto mukubwa hadi Afrika ya Kusini na bahari ya Hindi. Waliuita hivyo: muto wa moshi.

Fahamu pia sababu gani asubuhi ni mbaya kuliko muchana. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400. Usiku wa kiangazi baridi inashuka na kukaa chini, hewa ya moto inabaki juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi unafungwa kati ya ile baridi na ile hewa ya moto. Ndiyo maana saa kumi na mbili na saa moja, wakati watoto wanatembea kwenda masomo, ndiyo saa moshi ni mwingi. Jua likipanda, kifuniko kinafunguka.

Nimesema hayo yote kwa sababu moja. Katika jambo hili hakuna inchi safi na inchi chafu. Zambia inatufukiza sisi, sisi tunamufukiza Mwangola, na upepo ukigeuka, tunarudishiana. Kila mutu ni mwenye kukosewa na mwenye kukosa. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kukaa pamoja: hakuna mwenye atakuja kwenye meza na mikono meupe, na hakuna mwenye atatoka na aibu peke yake.

Moshi wa aina mbili

Tusichanganye mambo. Moshi wa kwetu uko wa aina mbili, na kila mumoja uko na bwana wake.

Wa kwanza ni moshi wa pori. Watu wanachoma majani kwa kuwinda panya na wanyama wadogo, kwa kusafisha shamba, kwa kutafuta asali, kwa kutengeneza makala. Zaidi ya nusu ya ardhi yenye kuungua kila mwaka katika dunia iko Afrika, na pori letu la miombo, lenye linashika Katanga, Zambia na Angola, ni sehemu kubwa ya hiyo.

Wa pili ni moshi wa viwanda. Huo hauleti majivu kwenye nguo. Unaleta harufu yenye inakata koo na kutoa machozi. Mawe yetu ya chini sana yako na salfa ndani, na ukiyayeyusha, salfa inatoka kama gesi. Watu wa Mufulira, upande wa Zambia, karibu kabisa na mupaka wetu wa Mokambo, wanaijua hiyo gesi kwa jina lake: wanaiita senta. Kiwanda chao kiliiachilia kwa miaka mingi sana. Kule Kankoyo, kartie yenye iko chini ya kiwanda, mabati yalikula kutu na miti ilikataa kuota. Mukubwa wa serikali wa wilaya ya Mufulira mwenyewe alikufa kisha kupumua gesi hiyo, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Zambia ilisema kampuni ya mugodi iko na hatia. Mukaaji alishinda kesi juu ya moshi. Muweke jambo hilo ndani ya kichwa.

Lakini musikie na upande mwingine. Mwaka 2014 kile kiwanda cha Mufulira kilipata mitambo ya kushika salfa, zaidi ya 95 kwa 100. Na salfa yenye kushikwa inakuwa nini? Inakuwa asidi, ileile yenye migodi inatafuta kwa kulipa dola. Kiwanda cha Kansanshi, karibu na Solwezi, chenye kilianza kazi 2015, kinafanya vilevile. Kwa maneno mengine, moshi wenye unashikwa ni feza, na moshi wenye unaachiliwa ni ugonjwa. Ni kitu kimoja.

Sasa jambo hili limefika kwetu. Lualaba Copper Smelter ilianza kuyeyusha shaba hapa Kolwezi mwaka 2020. Kamoa-Kakula, kilometa kama 25 magharibi ya muji, iliwasha tanuru yake mwishoni mwa 2025, tanuru kubwa ya kutoa hadi tani 500,000 za shaba kwa mwaka, pamoja na kiwanda cha asidi. Sisemi viwanda hivi ni vibaya. Miaka mingi tulilalamika kwamba shaba yetu inaenda kuyeyushwa kwa watu wengine, na kazi inaenda nayo. Ni vizuri iyeyushwe kwetu. Ninachosema ni hiki: munara wa kiwanda uko na vipimo ndani yake. Mafundi wanajua kila saa ni salfa ngapi inatoka. Hesabu hiyo isibaki ndani ya ofisi. Iwe ya mukaaji mwenye anaishi chini ya upepo, awe Mukongomani ao Mwangola.

Musimutupie mama wa makala muzigo wote

Sasa ninakuja kwenye jambo lenye linaniuma.

Kila mara serikali ikiamka juu ya moshi, mutu wa kwanza kukamatwa ni yule mwenye mufuko wa makala kwenye kinga. Ni rahisi kumukamata. Hana avoka, hana munara, hana simu ya waziri.

Tujiulize yule ni nani. Mara nyingi ni mutu wa familia yenye ilihamishwa. Wako wenye walitoka kwenye nyumba zao sababu mugodi ulipanuka. Hapa Kolwezi tumeona kartie nzima zikibomolewa. Wako wenye walikimbia vita na njaa ya Kasai, walifika kwetu na treni ao kwa miguu. Wote walisukumwa kwenye kando ya muji, pahali pori linaanza, pahali nguzo ya SNEL haijafika. Hawana shamba, kazi ya mugodi hawakupata. Pori ndiyo kazi pekee yenye haiulize diplome. Na makala yenye wanachoma, nani anayanunua? Ni sisi wa katikati ya muji, wenye tunapikia bukari kwenye mbabula sababu umeme umekatika.

Na umeme huo, tuko nao! Nzilo na Nseke ziko hapa kwetu, juu ya muto Lualaba. Ile laini kubwa ya kutoka Inga, kilometa kama 1,700, iliyomalizika 1982, mwisho wake ni hapa Kolwezi. Nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu wenye wanapika na makala, zinaenda kulisha migodi. Mutu mwenye alihamishwa kwa ajili ya mugodi, kisha akanyimwa umeme kwa ajili ya mugodi, kisha akakamatwa kwa ajili ya makala: huyo mutu tumemuhukumu mara tatu kwa kosa moja lenye hakufanya.

Kwa hiyo ninasema wazi: masikilizano yoyote ya moshi kati ya inchi zetu yenye yataanza na kukamata mama wa makala, mimi nitayapinga. Yaanze na wenye wako na uwezo wa kupima na kulipa.

Wengine walifanya nini

Hatuko wa kwanza katika jambo hili, na kuna mafundisho ya kuchukua.

Kule Canada, kiwanda cha kuyeyusha madini cha muji wa Trail kiliachilia gesi ya salfa, nayo ikateremuka na bonde la muto, ikavuka mupaka na kuharibu mashamba ya wakulima wa Marekani. Inchi hizo mbili zilikubali kupeleka neno mbele ya waamuzi. Mwaka 1941 waamuzi walisema: hakuna inchi yenye iko na haki ya kutumia udongo wake, ao kuacha utumiwe, kwa namna moshi wake unaumiza sana inchi ya jirani. Kiwanda kilipewa masharti, na wakulima walilipwa. Sheria hiyo ilizaliwa juu ya kiwanda kama vyetu na wakulima kama wetu.

Katika Ulaya, mvua yenye asidi iliua samaki katika maziwa ya Sweden sababu ya moshi wa inchi zingine. Mwaka 1979, kule Geneva, inchi za Magharibi na za Mashariki zilitia sahihi mukataba juu ya uchafu wa hewa wenye kusafiri mbali. Wakati ule walikuwa maadui, kila upande na mabomu yake. Lakini walikubali kupima hewa kwa namna moja na kuonyeshana hesabu. Kisha kupima, hakukuwa tena pahali pa kukana.

Somo la tatu ni la kuonya. Mwaka 1997 moto wa Indonesia ulifunika Malaysia na Singapore na moshi. Mwaka 2002 inchi za kule zilitia sahihi mukataba muzuri sana. Lakini Indonesia, yenyewe yenye moto, iliukubali ndani ya sheria zake mwaka 2014 tu, na mwaka 2015 moshi ulirudi kwa nguvu zote. Mukataba bila mwenye moto ndani yake ni karatasi ya kufungia karanga.

Na sisi wenyewe tuko na somo letu, lenye watu wa Kasai katikati yenu wanalijua kwa uchungu. Mwezi wa saba 2021, uchafu wa mugodi wa almasi wa Catoca, kule Angola, uliingia ndani ya muto na kuteremuka hadi Tshikapa. Maji yalibadilika rangi, samaki walikufa. Waziri wetu wa mazingira alisema watu 12 walikufa na maelfu waligonjwa. Upande wa kampuni ulisema maji yale hayakuwa na hatari. Hayo yalikuwa maji, yenye unaweza kujaza ndani ya chupa. Kama juu ya maji tunabishana hivyo kisha watu kuumia, juu ya moshi, wenye mukono haushike, itakuwa namna gani? Kipimo kinapaswa kuwa pale mbele ya hasara. Kisha hasara kila mutu analeta hesabu yake.

Mambo manne ya kuomba

Siombi mukataba mukubwa wa kutiwa sahihi na maraisi mbele ya kamera. Ninaomba mambo manne, na yote yanaweza kuanza kati ya majimbo ya mupakani: Lualaba na Haut-Katanga, jimbo la Solwezi kule Zambia, na upande wa Luau kule Angola.

La kwanza, kalenda moja ya moto. Kukataza moto wote hakutawezekana, na hakukuwezekana wakati wa wakoloni. Lakini wakati wa kuchoma unabadilisha kila kitu. Karibu na Ndola, saa chache tu na mupaka wetu, watu wa misitu walianza jaribio tangu 1933: kipande kimoja cha pori kilichomwa kila mwaka mapema, kiangazi kikianza, kingine kilichomwa mwishoni, kingine kililindwa. Chenye kilichomwa mwishoni, miti ilikufa, yakabaki majani. Chenye kilichomwa mapema, miti ilibaki. Moto wa mwezi wa tano unapata majani yenye maji kidogo, unapita chini na unazimika usiku. Moto wa mwezi wa tisa unakula kila kitu. Lakini kalenda ya upande mumoja tu haina faida, sababu moto hauone alama ya mupaka ndani ya majani.

Nani atasimamia? Hapa wakubwa wa kimila wako na nguvu kuliko polisi. Mwant Yav kule Musumba anaheshimiwa na Walunda wa inchi zote tatu. Machifu wa Kilunda wa Zambia na Angola wanajua shina lao liko kwake. Kama neno la kuchoma mapema linatoka kwa wakubwa hao, muwindaji wa Mwinilunga na muwindaji wa Sandoa watalisikia kwa luga moja. Mipaka hii ya wazungu ilikata familia, haikukata ukoo.

La pili, vipimo vya namna moja kila upande. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2021 kwamba vumbi la moshi lenye kuingia ndani kabisa ya mapafu lisipite mikrogramu 15 katika meta kyubu moja ya hewa kwa siku. Vifaa vidogo vya kulipima vinaweza kuwekwa juu ya paa ya masomo na kituo cha afya. Viwekwe Kolwezi, Dilolo, Solwezi na Luau, na hesabu isomwe kwenye redio kila asubuhi kama vile wanasoma bei ya dola. Mama akisikia leo hesabu iko juu, atajua kumubakisha mutoto wa pumu ndani hadi jua lipande.

La tatu, hesabu za minara ziwe wazi. Ofisi ya mazingira ya Kongo, ACE, na ile ya Zambia, ZEMA, zipeane kila mwezi hesabu ya gesi yenye viwanda vinaachilia, na zitangaze. Feza ya vifaa isiwe hoja. Kodi ya migodi ya 2018 inasema kampuni itoe kidogo kabisa 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na 15 kwa 100 ya ile kodi ya madini iende kwa komini na sekteri. Hewa haiko maendeleo?

La ine, umeme na kazi mbele ya azabu. Kila kartie yenye watu walihamishiwa ipewe umeme mbele ya mutu wa pale kukatazwa makala. Umeme wenye unavuka mupaka kwa ajili ya tanuru, ushuke pia kidogo kwa ajili ya chungu.

Wenye watapinga

Ninajua maneno yenye yatakuja. Wa kwanza atasema: tuko na vita mashariki, tuko na njaa, wewe unaleta moshi. Ninamujibu: vita vilikuwako pia mwaka 2023, na saini ya reli ilipatikana. Wakati wa shaba hatuambiwe tungoje amani.

Wa pili atasema: tukifungua hesabu zetu, Wazambia watazitumia kutusumbua mupakani. Inawezekana. Lakini nao watakuwa wamefungua zao, na upepo unatoka kwao kuja kwetu. Mwenye anapokea moshi zaidi ndiye mwenye faida zaidi ya hesabu kuwa wazi.

Wa tatu, na huyu ninamuheshimu, atasema: moto ni desturi ya babu zetu. Ni kweli, na babu walijua kuchoma mapema. Walitengeneza njia ya kukata moto kuzunguka kijiji mbele ya majani kukauka. Siombi tuache desturi, ninaomba tuirudie.

Ninyi wenye mulihamishwa, mumeshapoteza nyumba, na wengine shamba. Musikubali kuambiwa kwamba hata hewa ni jambo la wakubwa. Katika mikutano ya kartie na ya komini, wakati watauliza feza ya 0.3 ifanye nini, watu wataomba masomo, maji na barabara. Muombe. Lakini muongeze neno moja: kipimo cha hewa juu ya paa, na hesabu yake kwenye redio. Na kama uko na ndugu Solwezi ao Luau, mupigie, muulize kwao wanachoma mwezi gani.

Mwaka ujao, mwezi wa nane, jua litapanda tena jekundu. Ningependa siku hiyo mutoto akiniuliza moshi huu unatoka wapi, nimupe jibu lenye hesabu na jina la pahali.